Kuku wa Asante

Kabla ya mwaka huo sikuwa nimeingia kortini hata kusindikiza mtu. Ninashona sare za shule Kitui mjini, chumba kimoja nyuma ya soko, na ugomvi wangu wote ulikuwa na cherehani na wazazi wanaotaka sweta ya mtoto asubuhi ileile shule zinapofunguliwa. Halafu nikashtakiwa kwa sababu ya kuku. Nikimwambia mtu hivyo anacheka kwanza, kisha anauliza nilimwibia nani. Sikuiba. Nilipewa, na shida ilianzia hapo.

Wacha nieleze polepole, maana nikishikwa na hasira huwa naruka mambo.

Mama yangu anakaa ng'ambo ya Zombe, kwenye boma aliloachiwa na marehemu baba. Alipooza upande wa kulia. Mdomo ulirudi, na ulirudi na maneno yake yote, lakini mkono na mguu havikurudi. Nilijaribu kumleta mjini, akakaa siku chache akaniambia nyumba yangu inanuka vitambaa vipya na majirani zangu hawanyamazi, nimrudishe kwake. Nikamrudisha. Jirani yake, mama mmoja wa rika lake, ndiye aliyekuwa akishinda naye: anampikia uji, anamgeuza kitandani, anafukuza mbuzi mlangoni. Lakini kuoshwa mwili, hapana. Mama alikataa katakata. Alisema mwili wake utaoshwa na mtu aliyetoka ndani yake, na mtoto aliyebaki ni mimi peke yangu. Basi kila Jumamosi nilipakia mitungi ya maji kwenye gari, kwa kuwa maji ya kule yana chumvi na yanamwasha, nikaenda kumwosha mama yangu. Jumapili jioni narudi mjini.

Gari lenyewe ni kuukuu, dogo, la mgongo mrefu, aina ile ambayo huku kwetu inabeba ndengu, mbuzi na bibi harusi bila kulalamika. Bila hilo sifiki na maji. Magari ya abiria yanaishia Zombe, na makanga atakayekubali nimpakilie mitungi yangu yote hajazaliwa. Kwa hiyo mtu akiichukua leseni yangu, ni mama yangu anayekaa bila kuoshwa. Nilikuwa najua hivyo, na ningetamani kila mtu katika ile korti angejua.

Sasa, barabara ile ina desturi yake. Siku isiyo ya soko unaweza kusimama kando ya njia mpaka kivuli kikuhame. Mwenye gari akimpita mtu aliyesimama hivyo, habari zinafika kwao kabla yake: ati yule siku hizi haoni watu. Basi unasimama, unambeba. Na aliyebebwa hashuki mikono mitupu. Ataacha papai, au mkebe wa ndengu, au mayai aliyoyafunga kwa leso. Hukumwomba. Wala huwezi kukataa, maana kukataa ni kumwambia kitu chake ni kibaya. Nimekulia ndani ya jambo hilo na sikuwahi kulifikiria, kama nisivyofikiria kwa nini tunavua kofia kanisani.

Jumapili ile nilikuwa na watu wazima watatu ndani. Mbele alikaa jirani wa mama, ambaye mimi humwita mwaitu, yaani mama yangu, kama tunavyowaita wote wa umri huo. Alikuwa anakuja mjini kumwona kitukuu aliyezaliwa, na binti yake alikuwa amebaki na mama. Nyuma kulikuwa na mume na mke niliowakuta Zombe na mtoto mgongoni, wakisema wamengoja tangu ibada iishe. Tulipofika karibu na mji, pale polisi wanapopenda kuweka kizuizi, mwaitu akaniambia nimshushe hapohapo, kwa mjukuu wake ni chini ya barabara. Nikasimama. Wale wa nyuma nao wakashuka, wakaacha papai kwenye kiti.

Mwaitu akainama chini ya kiti, akavuta mfuko wa gunia, akashuka, akatoa kuku. Kuku mwekundu, mzima, miguu imefungwa kwa kamba ya katani. Alikuwa amesafiri naye njia yote bila kusema neno, na kuku naye hakusema. Akanipitishia dirishani kwa mikono miwili, kwa heshima, akanishukuru kwa Kikamba, “Nĩ mũvea, mwanangu. Mchinje ule na mwenzako wa dukani.”

“Asante, mwaitu.”

Nilipoinua macho, afande alikuwa amesimama upande wa pili wa gari.

“Mama, huyo kuku ni wa nini?”

“Ni wa asante.”

“Asante ya mabawa?” Akachungulia ndani. Akaona papai. Akaona mkebe wa ndengu ambao mwaitu alikuwa ametangulia kuuweka. “Na hii? Unaendesha gari ama soko?”

Nikamweleza. Nilieleza vizuri tu mwanzoni. Kwamba huyu ni jirani wa mama yangu, na wale—nikageuka kuwaonyesha wale mume na mke, na wale walikuwa wameshaingia kwenye vichochoro, hata kisigino sikukiona. Watu wa kwetu wakiona sare ya polisi wanaondoka kwanza, sababu wanaitafuta baadaye. Mwaitu ndiye aliyebaki, akitabasamu, kwa sababu Kiswahili hakielewi, akadhani afande anasifu kuku.

“Hawa walikuwa abiria,” afande akasema. “Gari ni la kibinafsi. Umebeba kwa malipo.”

“Malipo gani? Umeona shilingi?”

“Nimeona kuku.”

Hapo ndipo nilipopandisha sauti, nakiri, na mtu akipandishia afande sauti mambo hayarudi nyuma. Nikaandikiwa kosa, nikapelekwa kituoni, nikaacha dhamana, nikapewa siku ya kufika kortini. Afande akampiga kuku picha kwa simu. Kisha, na hili ndilo mpaka leo hunipandisha pumzi, akanirudishia kuku akaniambia nimtunze. Ni kielelezo. Kituo chao hakina mahali pa kufuga. Nikimchinja nitakuwa nimeharibu ushahidi wa serikali.

Fundi mwenzangu aliposikia akaweka mkasi chini. “Usikubali hilo kosa,” akaniambia. “Ndugu yangu alikubali akidhani ni faini tu. Wakamfungia leseni.”

“Wakamfungia?”

“Miezi. Akawa anasukuma mkokoteni.”

Nikaamua kukataa. Ukweli ulikuwa upande wangu, na mimi nilidhani hiyo inatosha.

Siku ya kwanza kortini tulikaa kwenye mabenchi tumebanana, watu wa makosa ya barabarani wote pamoja. Karani anasoma shtaka, anauliza ni kweli au si kweli. Mwenye taa mbovu: kweli. Mwenye pikipiki bila kofia: kweli. Aliyejaza lori mchanga: kweli, mheshimiwa, na naomba msamaha. Kweli, kweli, kweli, mbio mbio, watu wanataka kulipa waende kazini. Bwana mmoja aliyekaa kando yangu akaninong'oneza, “Sema kweli, dada. Ukisema si kweli utazoea hili benchi.”

“Lakini si kweli.”

“Nani alisema ni kweli? Hata taa yangu inawaka.”

Nikapanda kizimbani. Likasomwa shtaka refu, jina langu likitajwa katikati kana kwamba ni la jambazi. Nikasema, “Si kweli, mheshimiwa.” Benchi zima likageuka kunitazama. Hakimu, mwanamke mdogo kwangu, mwenye sauti ya upole, akaandika, akanipa tarehe nyingine.

Yule bwana hakukosea. Tarehe ya pili nilifunga duka, nikaja, afande hakuja. Alikuwa amepelekwa kazini kwingine. Tarehe ya tatu nilifunga duka, nikaja, afande alikuja, hakimu alikuwa likizoni. Tarehe ya nne wote walikuwepo, faili haikuwepo. Iko njiani, karani akasema. Njiani kutoka wapi? Ofisi iko mlango wa pili! Nilisimama pale kwenye baraza nikihisi kichwa kinachemka. Kila mara nikiuliza, ninaambiwa kwa adabu kabisa nirudi siku fulani. Wangenitukana ningejua la kufanya. Adabu ile ndiyo iliyonimaliza nguvu.

Na kila mara nilikuja na kuku.

Nani angejua ni siku gani watamhitaji? Nilimnunulia kikapu chenye mfuniko. Asubuhi ya korti namfunga miguu, namtia ndani, askari wa mlangoni anafungua kikapu, kuku anamtazama, anafunika. Mwishowe hata salamu walikuwa wanampa yeye kwanza. Nyuma ya duka alikula vipande vya nyuzi na makombo ya chapati, akanenepa, akaanza kutaga. Wateja wakimpenda wanauliza bei. Nawaambia hauzwi, yuko na kesi. Walidhani ni mzaha.

Jumamosi nilikuwa bado naenda kwa mama. Nilipita kwenye kizuizi na gari tupu isipokuwa maji, na kwa mara ya kwanza maishani nikawa nawapita watu barabarani. Nilikaza macho mbele. Niliwaona kwenye kioo wakishusha mkono. Nilikuwa naona aibu, tena aibu yenye uchungu, kwa kuwa nilijua jina la karibu kila mmoja wao.

“Kwa nini unakuja umekunja uso?” mama aliniuliza nikimpaka mafuta mgongoni.

“Kesi, mwaitu.”

“Si uwaambie ukweli waiache?”

“Ndiyo ninangoja niulizwe.”

Nilipoambiwa kesi sasa itasikizwa kweli, nikaambiwa pia nilete shahidi. Shahidi wangu alikuwa mmoja tu duniani. Nikaketi na jirani wa mama jikoni kwake, nikamweleza yote toka mwanzo. Alisikitika sana, akapiga makofi ya huzuni, “Woi, woi, kuku wangu!” Akasema atakuja. Nikamwambia hana haja ya kusema mengi. Watamuuliza kama alinilipa nauli, na yeye aseme hakunilipa.

“Sikukulipa,” akasema.

“Basi sema hivyo tu.”

“Nilipe nauli kwani wewe ni makanga?” Akacheka mpaka akakohoa. Nami nikacheka. Nilirudi mjini nimetulia kwa mara ya kwanza tangu jambo lianze.

Siku yenyewe nilikuwa nimemleta jana yake akalala kwa mjukuu wake. Alikuja kortini amevaa vazi la kanisani, kitambaa cheupe kichwani, kiatu kimepakwa rangi. Tulikutana chini ya dirisha la karani. Akanisalimu, akaona kikapu, akainua mfuniko.

Uso wake ukabadilika.

“Huyu si kuku wangu?”

“Ndiye, mwaitu.”

“Hujamchinja?”

“Walinikataza. Nilikuambia ni—”

“Nilidhani walichukua mwingine. Nilikupa ule.” Akafunika kikapu polepole. “Alikuwa na ubaya gani?”

Nikafungua mdomo kueleza mambo ya vielelezo, na papo hapo jina langu likaitwa. Ningekuwa na dakika moja tu. Mpaka leo naiomba ile dakika.

Afande alianza. Akaapa, akasema alivyoona, na sitamsingizia, hakuongeza chumvi. Nikapewa nafasi ya kumuuliza maswali.

“Afande, uliona nikipewa pesa?”

“Hapana.”

“Kwa hiyo hukuona malipo.”

“Kuku ana bei, mheshimiwa. Hata yeye akienda sokoni hapewi bure.”

Watu wakacheka. Hakimu akawatazama wakanyamaza. Akauliza kielelezo kiko wapi, nikafungua kikapu, na kuku akatoa kichwa akatazama korti nzima, upande huu na upande ule. Hata hakimu aliinamia karatasi zake kidogo. Nikafikiri moyoni, haya, hawa ni watu, wanacheka, watanielewa.

Nikajieleza mimi mwenyewe. Nilisema yote: mama, maji, barabara, desturi. Kisha nikamwita shahidi wangu.

Mwaitu alipanda akashika Biblia kwa mikono miwili kama alivyoshika kuku siku ile. Karani akawa anamtafsiria Kikamba. Nikamuuliza kama alinilipa nauli, akasema hakulipa. Safi kabisa. Nikakaa chini.

Kisha kiongozi wa mashtaka akasimama. Kijana mtaratibu, suti imempwaya mabegani.

“Mama, unatoka Zombe mpaka mjini, mwendo wote huo. Unataka kuiambia korti kwamba ulipanda gari la huyu mama bure?”

Karani akatafsiri. Nikamwona mwaitu akinyooka. Akatazama benchi. Pale nyuma walikuwepo watu wawili wa kwetu waliokuja na kesi yao ya ng'ombe, na alikuwa amewaona.

“Bure?” akasema. “Mimi?”

“Ndiyo, bure. Bila kutoa kitu.”

“Mtoto wa mtu, mimi nina nywele nyeupe. Tangu niolewe boma lile sijapanda gari la mtu nikashuka nikipangusa nguo na kwenda zangu. Nilimpa kuku. Si kuku mgonjwa, ni yule pale, mtazameni. Na ndengu nilimpa, mkebe mzima.”

“Kwa sababu alikubeba.”

“Sasa nimpe kwa sababu gani nyingine?”

Nikasimama kabla sijaruhusiwa, hakimu akanionyesha mkono nikae. Akamgeukia mwaitu yeye mwenyewe, kwa upole, na nilijua anajaribu kunisaidia.

“Mama, kama siku hiyo hangekubeba, ungempa kuku?”

Mwaitu akamtazama kana kwamba ameulizwa na mtoto mdogo.

“Nimpe kuku na amenipita barabarani? Hapana.”

Hakimu akaandika. Kalamu ilisikika mpaka nyuma. Mwaitu akashuka, akapita karibu yangu, akanigusa bega. Aliridhika. Alikuwa amelisafisha jina lake mbele ya watu wa kwao, na kwa mawazo yake, langu pia. Mtu gani angenishtaki tena, ikijulikana kwamba sibebi watu wasio na adabu?

Uamuzi ulisomwa baada ya chakula cha mchana. Hakimu alisema ameona mimi si mtu mbaya. Alisema sheria haikutaja pesa peke yake, imetaja malipo ya aina yoyote, na shahidi wangu mwenyewe amesema kilichotolewa kilitolewa kwa ajili ya kubebwa. Faini ilikuwa ndogo. Kisha akasema leseni yangu imefungwa miezi mitatu. Nikasema, “Mheshimiwa, mama yangu.” Sikuweza kumaliza. Akasema anaelewa, na nadhani alielewa kweli, na haikunisaidia kitu. Nikampa karani ile kadi. Akaitia kwenye bahasha akaigonga muhuri.

Nilitoka nje na hasira. Sijui hasira ya nani. Ya afande? Alisema alichoona. Ya hakimu? Alisikiliza. Sheria ni msumeno, wanasema, lakini msumeno hata ukikukata vidole una mtu anayeushika, na mimi nilitafuta huyo mtu nimpige kofi, sikumpata. Nilimpata mwaitu. Alikuwa amesimama kando ya gari langu, kikapu mkononi, kiondo begani, anangoja nifungue mlango.

“Twende?” akasema.

Nilitaka kumpigia kelele. Nilitaka kumwambia, ni wewe umenifunga, ni mdomo wako. Badala yake nikamwambia gari limeharibika.

“Leo tu?”

“Leo tu.”

Nikamsindikiza hadi kituo cha magari ya Zombe. Alikataa nimlipie nauli, akafungua fundo la leso akalipa mwenyewe. Akanirudishia kikapu dirishani. “Mchinje leo,” akasema kwa ukali. “Sikumleta umfuge.”

Nikamchinja jioni hiyo. Alikuwa mgumu kama soli, baada ya miezi yote ile. Fundi mwenzangu alikula, mimi nilimeza vipande viwili nikaacha. Gari nilimwomba dereva wa kanisa letu aliendeshe, likaja kukaa nyuma ya duka, pale pale alipokuwa kuku.

Jumamosi ya kwanza nilienda kwa magari ya abiria na mtungi mmoja. Nilifika saa tisa, nikamwosha mama uso, shingo na miguu, maji yakaisha, na kwa kuwa Jumapili barabara ile haina magari ya abiria, ikabidi nikimbilie gari la mwisho la kurudi. Alikuwa ameanza kunuka, mama yangu ambaye hakuwahi kunuka, na alijua kwamba ninajua. Nililia njia nzima na sikujali nani ananiona. Jumamosi ya pili mvua ilinyesha, mto ulio njiani kwenda kwa mama ukafurika, sikuvuka. Nilirudi nikakaa dukani nikishona pindo lilelile mara tatu.

Jumamosi iliyofuata simu iliita kabla sijaondoka. Ilikuwa namba ya binti ya mwaitu, lakini sauti ilikuwa ya mwaitu mwenyewe, akipiga kelele kama wanavyofanya wazee, kana kwamba simu haitoshi kufika.

“Usije na mtungi. Nimemwosha.”

“Umemwosha nani?”

“Mama yako. Jana. Mvua imejaza pipa langu, maji matamu. Nimemwosha kichwa mpaka vidole.”

“Alikubali?”

“Alikataa. Nikamwambia mimi na yeye tulikuwa tunaoga mtoni pamoja kabla wewe hujakuwa hata jina. Kisha akasema nisugue mgongo kwa nguvu, wewe unasugua kama unaogopa.”

Nilikaa chini kwenye marobota ya vitambaa. Hasira yote niliyokuwa nimemwekea mwanamke huyu ilikwama mahali, haikutoka, haikurudi. Nikanunua sukari, majani ya chai, mafuta ya kupikia na leso mpya, nikampa dereva mmoja wa gari la Zombe amfikishie. Sikufikiria. Mikono ilinunua yenyewe.

Jumatatu asubuhi simu ikaita tena.

“Mwanangu, umenitumia sukari.”

“Ndiyo, mwaitu. Nĩ mũvea.”

“Sikumwosha mama yako kwa ajili ya sukari.”

“Najua.”

“Ungeniletea au usiniletee, ningemwosha. Hata ungekuwa na kisirani ningemwosha. Nataka ujue hivyo.”

“Najua, mwaitu. Kwa hiyo unairudisha?”

“Nirudishe kwani umenitukana? Tumeshakunywa chai. Mama yako amekunywa vikombe viwili.”

Hapo ndipo iliponitoka. Nilisimama katikati ya duka, sindano mdomoni, nikapiga kelele mpaka fundi mwenzangu akazima cherehani.

“Mwaitu! Maneno hayo! Maneno hayo hayo unayoniambia sasa, si ndiyo ungeyasema kortini? Kwa nini hukuyasema kortini?”

Nikasikia kuku zake, na mama yangu akiuliza kwa mbali ni nani huyo anayepiga kelele asubuhi.

“Kortini,” akasema, “waliniuliza kama nilikupa kuku. Na mimi nilikupa.”